Kibofu kinapiga hodi, nani aitikie?

Mtoto wa mama yangu mdogo alianguka kutoka kwenye mwembe miaka sita iliyopita. Pingili za mgongo zilivunjika usawa wa chini ya kifua, na tangu siku hiyo miguu yake haina habari naye. Wageni wakija kumjulia hali huangalia kiti cha magurudumu, husikitika, kisha huuliza kama madaktari wametoa matumaini ya kutembea tena. Anawajibu kwa adabu. Wakishaondoka ndipo huniambia lile asiloweza kuwaambia wageni: angepewa nafasi ya kurudishiwa kitu kimoja tu, asingeomba miguu. Angeomba kibofu.

Zamani nilidhani ni yeye peke yake. Kumbe mwaka 2004 mtafiti mmoja wa Marekani, Kim Anderson, aliwauliza watu 681 walioumia uti wa mgongo ni nini wangetaka kirudi kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitaja mikono. Waliopooza miguu tu walitaja zaidi tendo la ndoa, na kibofu na haja kubwa havikuwa mbali. Katika makundi yote mawili, kutembea hakukushika nafasi ya kwanza. Sisi tulio nje tunaona miguu kwa sababu miguu inaonekana.

Kwa hiyo ninaposoma habari za vifaa vya kielektroniki vilivyo laini kama mpira, vya kuvishwa kwenye kibofu ili kumsaidia mtu wa namna hii, nasoma kwa makini, nikiwa na mtu mahususi kichwani. Habari hizo mara nyingi huandikwa kama vile tiba imeshafika. Haijafika. Lakini kinachofanyika ni cha kweli, na ili kukielewa lazima tuanze na kibofu chenyewe.

Figo hudondosha mkojo usiku na mchana bila kupumzika. Kibofu cha mtu mzima hubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500, yaani ile chupa ndogo ya maji ya dukani. Kikifika mililita 150 au 200, neva zilizomo kwenye ukuta wake, ambazo husikia namna ukuta unavyotanuka, huanza kupiga hodi. Hodi hiyo huingia kwenye uti wa mgongo kupitia neva za sehemu ya chini kabisa, karibu na mfupa wa mkia, kisha hupanda mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio mwenye nyumba. Ukiona mahali panafaa, huitikia karibu. Ukiona uko kwenye daladala au kwenye mkutano, husema subiri kidogo, nawe unaendelea na shughuli zako huku umebana.

Sehemu inayotoa ruhusa ya mwisho iko kwenye shina la ubongo, na Mwingereza F. J. F. Barrington aliieleza mwaka 1925 baada ya kuwachunguza paka. Ruhusa ikitoka, mambo mawili hufuatana: mlango wa kibofu unalegea, msuli wa kibofu unakaza. Mpangilio huo ndio kila kitu. Mtoto mdogo hachukui miaka miwili mitatu kujifunza kukojoa, kwa sababu kukojoa amezaliwa anakujua. Anachojifunza ni kusikia hodi na kuijibu.

Sasa kata uti wa mgongo katikati. Wiki za mwanzo kibofu hulala tu, hakikazi wala hakisemi. Kisha kinaamka, na hapo ndipo balaa linapoanza. Kipande cha chini cha uti wa mgongo hakijafa, kimepoteza tu mawasiliano na ubongo. Hodi bado zinakifikia, na kwa kuwa hakisikii tena sauti ya mwenye nyumba, huanza kuitikia chenyewe, na huitikia ovyo. Mkojo kidogo tu ukiingia, msuli wa kibofu unakaza. Mlango, ambao ulipaswa kulegea wakati huohuo, nao unakaza. Mkojo unasukumwa dhidi ya mlango uliofungwa.

Aibu ya kulowa si jambo dogo, lakini kinachoua ni lile shinikizo. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake wa Marekani waliwachunguza watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao neva zao za kibofu zimeharibika tangu tumboni. Waliona kwamba figo ziliharibika zaidi kwa wale ambao mkojo wao haukuvuja mpaka shinikizo lilipovuka kipimo cha sentimita 40 za maji, yaani uzito wa safu ya maji ya kimo hicho. Ajabu iliyopo hapo ni hii: mtoto aliyekuwa anavuja mapema ndiye aliyekuwa salama zaidi. Mama wa mtoto mkavu, aliyekuwa anashukuru, ndiye aliyepaswa kuhofu. Nimewahi kuyasema haya kwa mzazi mmoja, akanyamaza muda mrefu.

Kwa walioumia juu zaidi, kuanzia usawa wa katikati ya kifua kwenda shingoni, kuna hatari nyingine ambayo kila anayemuuguza mtu wa aina hii anapaswa kuijua. Kibofu kikijaa kupita kiasi, presha ya damu inaweza kuruka ghafla, kichwa kikagonga, uso ukawa mwekundu na jasho likatoka juu ya eneo lililoumia. Mara nyingi dawa ya kwanza ni kumwinua akae wima na kuutoa mkojo haraka. Wapo waliokufa kwa kiharusi kwa sababu tu mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja na hakuna aliyeutazama.

Na walioumia chini kabisa, pale neva za kibofu zinapotokea, hali yao ni kinyume: hodi haifiki popote, msuli haukazi kabisa, kibofu hujaa kama mfuko mpaka kinafurika. Kwa hiyo ukisikia mtu ametengeneza kifaa cha kibofu kilichopoteza neva, swali la kwanza ni kibofu kipi. Kinachokaza ovyo na kisichokaza kabisa havitibiwi kwa kifaa kimoja.

Dawa kubwa iliyopo leo haina umeme wowote. Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alitangaza mwaka 1972 kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, mara kadhaa kwa siku, akiwa ameosha tu mikono, bila glavu za chumba cha upasuaji. Wenzake wengi waliona ni hatari. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kilichovimba hukosa damu ya kutosha kwenye ukuta wake na kushindwa kupambana na vijidudu, kwa hiyo kukitoa mkojo kwa wakati ni muhimu kuliko kuhangaikia kila kijidudu. Alikuwa sahihi, na watu wengi mno wako hai kwa sababu yake.

Ndugu yangu hufanya hivyo kila baada ya saa sita. Simu inalia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anapaka jeli ya kulainisha, anaingiza mpira taratibu, mkojo unashuka kwenye jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo. Anaandika kwenye daftari la shule: 350. 410. 290. Siku moja aliandika 720, akapigia mstari mara mbili. Alikuwa amekunywa chai na supu kwenye msiba, hakuhisi chochote, na saa haikujua kwamba amekunywa. Shida ya kutegemea saa ndiyo hiyo. Saa huhesabu muda, na kinachojaza kibofu ni maji.

Wazo la kutumia umeme si jipya. Giles Brindley, mtaalamu wa mfumo wa neva huko London, alianza miaka ya 1970 kupandikiza kifaa kwenye mizizi ya neva zinazokwenda kwenye kibofu. Mgonjwa hubeba kidude cha nje, akakiweka juu ya ngozi penye kipokezi, na mawimbi ya redio yanapeleka nguvu ndani, kwa hiyo hakuna betri mwilini. Kilikuwa na tatizo moja: umeme ule ule unaokaza kibofu unakaza na mlango. Brindley alilitatua kwa werevu wa hali ya juu. Msuli wa mlango ni mwepesi, hukaza haraka na kulegea haraka. Msuli wa kibofu ni mzito, hukaza polepole na kuchelewa kulegea. Basi anapeleka umeme kwa vipindi vifupi. Umeme ukikatika, mlango unalegea papo hapo, kibofu bado kinaminya, mkojo unaruka. Umeme tena, kimya tena, mkojo tena. Zaidi ya watu 2,000 duniani wamewekewa kifaa hicho, na wengi wamekaa nacho kwa miaka mingi.

Lakini kilikuwa na gharama ambayo wanaume vijana wengi waliikataa. Ili kibofu kisikaze ovyo kati ya kukojoa na kukojoa, daktari alikata mizizi ya nyuma ya neva hizo, ile inayopeleka hodi. Kukata mizizi hiyo kulituliza kibofu, kukalinda figo, na pia kukaondoa kusimama kwa uume kunakotokana na kuguswa, pamoja na hisia zozote zilizokuwa zimebaki. Kifaa cha Brindley kilikuwa bingwa wa kuamuru. Kusikiliza kilikuwa hakiwezi, na ili kifanye kazi vizuri ilibidi njia ya kusikiliza ivunjwe kabisa.

Kama ningeulizwa vifaa vipya vinatofautiana wapi na vya zamani, ningejibu kwamba vinajaribu kusikiliza. Na hapo ndipo ulaini unapoingia.

Chukua puto. Ligundishe kipande cha selotepu kuzunguka tumbo lake likiwa dogo, kisha pembeni yake livishe raba ya kufungia noti. Anza kupuliza. Selotepu itakaza, itaukata mviringo wa puto katikati kama mkanda uliobana, kisha itabanduka au italipasua puto. Raba itafuata tu. Kibofu kikitoka mililita 50 kufika 400, ujazo umeongezeka mara nane na mzunguko wake umekuwa mara mbili. Fanya hivyo mara sita kwa siku na kwa mwaka umevuka mara 2,000. Chochote unachokifunga pale kinapaswa kurefuka mara mbili ya urefu wake na kurudi, zaidi ya mara 2,000 kwa mwaka, bila kukaza. Kikikaza, kinaongeza lile shinikizo tuliloanza kulikimbia.

Elektroniki za kawaida haziwezi. Chipu huvunjika ikivutwa asilimia chache tu, na waya wa shaba ukivutwa haurudi ulivyokuwa. Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, maana silikoni ni jina la vitu viwili. Ipo silikoni ya chipu, fuwele ngumu kama jiwe. Na upo mpira wa silikoni, ule wa chuchu za chupa za watoto na wa mipira ya mkojo iliyo bora. Ya kwanza ni ngumu kuliko wa pili kwa makumi ya maelfu ya mara, na nyama ya mwili ni laini kuliko hata huo mpira.

Wahandisi hutumia hila za aina mbili. Moja ni kuichora njia ya umeme, ya dhahabu nyembamba, kwa mtindo wa nyoka, kona baada ya kona, juu ya mpira. Mpira ukivutwa, kona zinanyooka na dhahabu yenyewe hairefuki. Nyingine ni kutumia kitu kinachorefuka chenyewe, kama mpira uliochanganywa na chembe zinazopitisha umeme. Ukivutwa, chembe zinaachana, umeme unapita kwa tabu zaidi, na tabu hiyo unaweza kuipima. Vunja neno kihisi na ndicho hicho tu: mkanda wa mpira unaobadilisha namna unavyopitisha umeme kadiri unavyotanuka. Kutoka kwenye kutanuka unapata ujazo.

Mwaka 2013 kundi la Cambridge, wakiwemo Daniel Chew, Stéphanie Lacour na James Fawcett, lilionyesha njia ya kurekebisha lile kosa la kukata. Walitengeneza kifaa cha silikoni laini chenye mifereji midogo sana sambamba, kama mabua ya mkeka, wakalaza vijizizi vya neva za nyuma ndani yake bila kuvikata. Kila mfereji una elektrodi yake, yaani ncha ya kunasa umeme wa neva. Kwa panya walioumizwa uti wa mgongo, waliweza kuisikia hodi ya kibofu kinapojaa, na kwa kifaa kingine, kilichowekwa kwenye mizizi ya mbele ya neva, wakaamuru mkojo utoke. Kwangu mimi hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika mlolongo huu, ingawa haikupata kelele nyingi, kwa sababu iliiheshimu ile neva.

Kelele zilikuja Januari 2019. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, wakiongozwa na Robert Gereau, pamoja na John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, walichapisha mfumo mzima unaojiendesha. Mkanda laini ulizunguka kibofu cha panya, ukapima kutanuka kwake. Taarifa zilipita kwa Bluetooth kwenda kwenye kifaa cha nje. Programu ilipoona panya anakojoa mara nyingi kupita kawaida, iliwasha taa ndogo sana zilizopandikizwa karibu na kibofu. Neva za kibofu zilikuwa zimeshapewa, kwa kutumia virusi vilivyodhoofishwa, maelekezo ya kutengeneza protini inayozituliza zikimulikwa. Taa zikawaka, hodi za uongo zikanyamaza, panya akarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, taa zikazima.

Ni kazi ya kuvutia kweli, na ndiyo picha inayozunguka zaidi mitandaoni. Yapo mambo mawili ambayo picha haisemi. Panya wale hawakuwa wameumia uti wa mgongo. Kibofu chao kilikuwa kimewashwa kwa dawa ya saratani ambayo huvimbisha kibofu. Na njia ya mwanga inahitaji kubadilisha neva kwa jeni ngeni, hatua ambayo kwa binadamu ina safari yake ndefu ya usalama. Ndugu yangu aliponitumia picha hiyo na kuniuliza lini, ilinibidi nimweleze hayo mawili, na sikufurahia kuyaeleza.

Singapore walikuwa wameshika upande wa pili, wa kibofu kisichokaza. Faezeh Arab Hassani na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa walionyesha mwaka 2017 kifaa cha kukiminya kibofu kwa nje, kikitumia nyaya za madini yanayokumbuka umbo lake: zikipata joto la umeme hujikunja, zikipoa hulegea. Kwa panya mkojo ulitoka. Joto karibu na nyama, na nguvu nyingi ya umeme inayohitajika, ndiyo mitihani yake.

Kisha mwaka 2024 kundi la Northwestern, Guillermo Ameer na Rogers, wakafanya jambo lililoonekana dogo. Waliacha taa, wakaacha kuamuru, wakatengeneza kihisi laini cha kubandikwa nje ya ukuta wa kibofu na kutuma taarifa bila waya. Walikijaribu kwa panya, na kwa wanyama wa jamii ya nyani kikapima kwa wiki nane. Mnyama wa aina ile ana kibofu kinachofanana na cha kwetu kuliko cha panya, na wiki nane ni maelfu ya dakika za kutanuka na kusinyaa ndani ya mwili wenye unyevu.

Unyevu ndio adui asiyeonekana. Mpira wa silikoni unazuia maji lakini mvuke hupenya polepole, ukafikia nyaya, ukazila. Mwili nao hauketi kimya: hukizungushia kila kitu kigeni utando wa kovu, na kovu hilo linakaza. Kihisi kilichokuwa kinasoma mililita 300 mwezi wa kwanza kinaweza kusoma 220 mwezi wa sita kwa kibofu kilekile. Mtu asiyehisi lolote hana namna ya kugundua kwamba kifaa kimeanza kumdanganya, na kifaa kinachosema bado kina nafasi wakati kibofu kimefurika ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa. Ndiyo maana wiki nane, kwa habari njema zake zote, bado si miaka kumi.

Kuna wanaosikiliza bila kupasua. Kampuni moja ya Japani imetengeneza kifaa kiitwacho DFree kinachovaliwa chini ya kitovu na kupima kibofu kwa mawimbi ya sauti, kama ile mashine ya kuangalia mimba. Simu hukuarifu kibofu kinapokaribia kujaa. Lazima kikae mahali pake sawasawa, na tumbo la kila mtu lina umbo lake, lakini hakuna kisu.

Nilipomaliza kumweleza ndugu yangu haya yote, nilitegemea angeuliza zaidi kuhusu kile kifaa cha taa, kwa kuwa ndicho kinachofanya kazi yote chenyewe. Hakukitaka. Alichukua daftari lake, akanionyesha ile 720 yenye mistari miwili. Alisema mpira ameshauzoea, mikono anayo, sabuni anayo. Dakika kumi mara nne kwa siku si kitu. Alichokosa ni kuambiwa. "Wanipe hodi tu," akasema. "Kuitikia nitaitikia mwenyewe."

Ukilipima ombi lake kwa macho ya uhandisi, ni jepesi kuliko yote yaliyotangulia. Halihitaji jeni, halihitaji kuchoma neva kwa umeme, halihitaji nguvu ya kuminya. Linahitaji mkanda laini mmoja unaosema kweli kwa miaka, na simu ambayo tayari anayo.